LESENI YA HATUA: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA SHERIA YA MADEREVA VIJANA

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973 kwa lugha ya Kiingereza, na kwa miaka mingi askari, hakimu na dereva wameifafanua kwa Kiswahili, kila mmoja kwa maneno yake. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, mtindo huo hautoshi tena. Neno lisemwalo kando ya barabara halina budi liweze kusimama mahakamani. Katika makala haya twakusudia kulichunguza fungu moja dogo la istilahi hizo, nalo ni lile lihusulo leseni za vijana na mipaka wanayowekewa.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Tanzania na Kenya haziruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari. Mtu hujifunza, hutahiniwa, akafaulu akapewa leseni. Nchi nyingine huwaruhusu vijana mapema zaidi, lakini kwa vipindi. New Zealand ilianza utaratibu huo mwaka 1987, na jimbo la California, Marekani, likaufuata mwaka 1998. Huko California kijana aweza kupata kibali cha kujifunza akiwa na miaka 15 na nusu. Hukaa nacho si chini ya miezi sita, akafanya mazoezi ya saa 50, kumi kati yake zikiwa za usiku. Akitimiza miaka 16 na kufaulu, hupewa leseni ambayo kwa miezi 12 ya kwanza haimruhusu kuendesha peke yake usiku wa manane wala kuwachukua wenzake wa rika. Sababu yajulikana: ajali za vijana huzidi nyakati za usiku, na huzidi tena wanapopakia vijana wenzao.

Suala hili si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Familia nyingi, hasa za kutoka mashariki ya Kongo, zimehamia Marekani, na mzazi ndiye atiaye saini ombi la leseni la mtoto wake. Hapo tafsiri mbovu huacha kuwa kosa la lugha tu.

Tuanze na jina la kijana mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, ilhali Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Basi mtu wa miaka 17 ni mtoto kwa waraka mmoja na kijana kwa mwingine. Maneno ya asili nayo hayatufai hapa: barobaro ni mwanamume, kigoli na mwari ni wanawake, na sheria ya barabarani haibagui. Wengine hupendekeza ‘dereva chipukizi’. Neno hili ni zuri, lakini latuambia habari za uzoefu, si za umri. Mtu wa miaka 40 aliyepata leseni jana naye ni chipukizi. Twaonelea lihifadhiwe kwa maana hiyo, na panapohusika umri, sheria itaje miaka kwa tarakimu.

Istilahi ya pili ni ‘leseni ya muda’, isikikayo sana hata magazetini. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba haibainishi kitu, kwani kila leseni ina muda wake wa kwisha. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo, kwa Waingereza na katika nchi zilizorithi sheria zao, hutaja leseni ya mtu anayejifunza bado. Huko California neno lilo hilo hutaja leseni ya mtu aliyekwisha kufaulu, ila amewekewa mipaka. Mfasiri aliyetazama neno bila kutazama kitu huwatia watu wawili tofauti katika jina moja: huyu asiyeruhusiwa kabisa kushika usukani bila msimamizi, na yule anayeruhusiwa mchana kutwa.

Kwa anayejifunza tunayo tayari istilahi bora, ‘leseni ya kujifunzia’. Kauli ya kutendea hapa yafanya kazi yake barabara, maana yaonyesha kuwa leseni hii ni chombo cha kujifunzia na si ruhusa ya kusafiri. Hatuwezi kukisifu vivyo hivyo kifungu ‘dereva mwanafunzi’. Katika Kiswahili neno la pili hulifafanua la kwanza. Kwa hiyo dereva mwanafunzi ni dereva aliyekamilika ambaye pia anasoma, pengine Chuo Kikuu. Tukusudiaye ni ‘mwanafunzi wa udereva’, ambaye bado hajawa dereva.

Istilahi ya tatu ni ‘kizuizi’. Husemwa ‘leseni yenye vizuizi’. Lakini barabarani kizuizi kina maana yake ya siku zote, nayo ni ile boriti iliyolazwa njiani, penye askari au mizani. Isitoshe, neno hilo lachanganya mambo ambayo sheria huyatenga. Kuvaa miwani ni sharti, yaani jambo la kutimizwa. Kutopakia wenzako ni katazo, yaani jambo la kuepukwa. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa mjini ni kikomo, yaani kipimo kisichovukwa. Maneno matatu haya tunayo, ni mepesi, na hakimu akiyatumia mshitakiwa ataelewa alichokosa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa saa. Katazo la California huanza saa 5 usiku na kwisha saa 11 alfajiri. Katika Kiingereza hesabu hiyo huandikwa 11 kwanza, kisha 5. Mfasiri akizihamisha tarakimu bila kuzigeuza, atapata ‘saa 11 hadi saa 5’, na msomaji wa Tanga au Mombasa ataelewa jioni hadi usiku. Matokeo yake ni kinyume kitupu: mzazi atamzuia mtoto kuendesha katika saa zile hasa zilizo halali, na pindi saa za hatari zinapoingia atampa ufunguo. Hakuna neno hata moja lililokosewa katika tafsiri hiyo. Kilichokosewa ni namna Waswahili wanavyoihesabu siku.

Kuhusu utaratibu mzima, wapo wanaouita ‘leseni ya madaraja’. Jina hilo halifai, kwa kuwa daraja tayari ni aina ya leseni kwa aina ya gari, kama daraja C au daraja E. Twapendekeza ‘leseni ya hatua’, kwa kuwa hatua hupigwa kwenda mbele, nayo yaonyesha kwamba makatazo yatakwisha. Hatua zenyewe ziwe tatu: leseni ya kujifunzia, leseni ya makatazo, na leseni kamili.

Huenda wasomaji wakaliona jina ‘leseni ya makatazo’ kuwa kali. Sisi twaona ukali huo ndio faida yake. Kijana akiitoa leseni mfukoni, na mzazi akiisoma kabla ya kumkabidhi gari, jina lenyewe litawakumbusha wote wawili kwamba lipo jambo lililokatazwa, na kuwafanya waulize ni lipi. Mapendekezo haya twayaweka mbele ya wanasheria, askari wa usalama barabarani, walimu wa udereva na wafasiri, wayapime kwa matumizi na watuletee yaliyo bora.