Hiari na Majaaliwa katika Michezo Miwili ya Toby Fox

Katika Undertale (2015), mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji huvaa uhusika, Toby Fox wa Marekani, akisaidiwa na wenzake wachache, alimpa mchezaji hiari pana: aweza kuumaliza bila kuua adui yeyote, na hatima ya hadithi hutegemea uamuzi huo. Deltarune, ambayo sura yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2018, yageuza mwelekeo. Mchezaji huunda mwili na kuupa jina. Mara mwili huo hutupwa, naye huambiwa kwamba hakuna ajichaguliaye nafsi. Wako watakaosema fani imepungukiwa. Kwa maoni yetu, kunyimwa hiari huku ndiko dhamira yenyewe. Mchezo wa kwanza uliuliza: utatenda nini? Huu wauliza swali gumu zaidi: asiye na hiari ana wajibu gani?