Istilahi za Mafunzo ya Madaktari wa Uzazi: Uhakiki

Katika ofisi za afya za mikoa ya Shinyanga na Geita hutumika istilahi kadha za mafunzo ya madaktari wa uzazi ambazo, kwa maoni yetu, zastahili kupimwa upya. Kutoka machimbo ya Nyarugusu hadi Kakola, mama anayepata shida ya uzazi humhitaji daktari aliyepanda ngazi ndefu: miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali, kisha miaka 3 ya shahada ya uzamili, ambayo huweza kusomewa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Neno utarajali limekwisha kukubalika, nasi hatuna la kuongeza. Tatizo laanzia ngazi inayofuata. Anayesomea uzamili huitwa na baadhi ya waandishi "mwanafunzi". Chuoni jina hilo ni sahihi. Wodini lapotosha, kwani mtu huyu ni daktari aliyesajiliwa, naye hupasua chini ya usimamizi wa bingwa. Jamaa wa mgonjwa wakiambiwa usiku kwamba mwanafunzi ndiye atakayempasua mama, hawakosi sababu ya kusita kutoa idhini, ilhali kila dakika ni ya thamani. "Mwanagenzi" lina kasoro iyo hiyo. "Mkurufunzi" nalo latofautiana na "mkufunzi" kwa silabi moja tu, hata mfunzwa na mfunzaji wakachanganywa. Twapendekeza "daktari msomea ubingwa", kwa muundo ule ule wa "mchimba dhahabu", ambao kila mkazi wa Geita anaufahamu.

Pili, uzamili na ubingwa si kitu kimoja. Uzamili ni shahada. Ubingwa ni sifa ya kutibu katika fani maalumu. Tangazo la kazi linalotaka "daktari mwenye uzamili" humkaribisha pia daktari mwenye uzamili wa afya ya jamii, ambao haumpi mtu ubingwa wa upasuaji wa uzazi. Kadhalika, mhadhiri mwandamizi na profesa ni vyeo vya chuo, wala visiandikwe kana kwamba ni ngazi za juu za ubingwa.

Mwisho, jina la fani yenyewe. "Magonjwa ya wanawake na uzazi" huuweka uzazi chini ya magonjwa, na mama mwenye mimba salama aweza kudhani kwamba daktari huyo hamhusu. Neno "ukunga" lingefaa, lakini limekwisha kuwa mali ya wakunga, na kuwanyang'anya si haki. Dawa ni nyepesi: kugeuza mpangilio na kuandika "uzazi na magonjwa ya wanawake". Hapo halihitajiki neno jipya hata moja.

Twawaomba wafasiri, walimu na maofisa wazijaribu istilahi hizi katika barua na matangazo yao, kisha watuletee maoni. Istilahi isiyoeleweka mlangoni mwa chumba cha upasuaji haijasanifiwa bado.