Ufundi wa Kupunguza

Wasifu unaopelekwa kuchapwa steshenari, iwe Masasi au Newala, mara nyingi hufika umefurika. Jina, kabila, dini, hali ya ndoa, urefu, afya "njema", kisha kila shule tangu darasa la kwanza, na mwisho mapenzi ya mpira na muziki. Ukurasa wa kwanza umekwisha, kazi bado haijatajwa. Mchapaji wa kawaida huprinti hivyo hivyo. Aliye fundi huuliza kwanza: tangazo la kazi liko wapi?

Ufundi wote umo katika swali hilo, nao unastahili heshima kubwa kuliko ile unayopewa. Chukua nafasi ya Mtendaji wa Kijiji. Tangazo lake hutaja kazi waziwazi: kuwa katibu wa mikutano na kamati za kijiji, kusimamia ulinzi wa raia na mali zao, kuratibu mipango ya maendeleo. Yasome hayo kando ya ule wasifu uone mistari inavyojichuja yenyewe. Urefu hauandiki muhtasari wa kikao. Kabila halitunzi daftari.

Sheria nayo iko upande wa anayefuta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, dini, hali ya ndoa, ulemavu au ujauzito, na ulinzi huo unamfikia hata anayeomba kazi. Ya nini basi kumkabidhi mwajiri mambo asiyoruhusiwa kuyapima?

Hapo ndipo suala la miaka ya masomo iliyokatika huwa zito. Serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni Novemba 2021. Kabla ya hapo wengi walimalizia masomo kwa njia ndefu, wengine wakiwa watahiniwa wa kujitegemea. Binti wa namna hiyo akikaa kuandika wasifu, mkono humsukuma ajieleze, hata aombe radhi. Asifanye hivyo. Mwaka aliohitimu na cheti alichopata vinatosha. Maisha yake si kiambatisho.

Kupunguza, hata hivyo, kuna mpaka. Tarehe ya kuzaliwa hubaki, kwa kuwa matangazo mengi ya serikali huweka ukomo wa miaka 45. Sekretarieti ya Ajira hutaka vyeti vyenyewe vya kidato cha nne na sita, wala haipokei hati za matokeo. Kughushi ni jambo jingine kabisa: Aprili 2017, uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi wa umma 9,932.

Tena kuna kinachofutwa bila kustahili. Kijana aliyefanya kazi na chama cha msingi cha ushirika msimu wa korosho huiacha kazi hiyo kwa sababu haikumpa cheti, au huandika tu: "Nilisaidia chama." Fundi humrudisha nyuma ampe maneno yanayolingana na jasho lake: "Karani wa msimu: kupima korosho, kuandika stakabadhi za wakulima, kulinganisha uzito wa ghalani na daftari." Mstari huo mmoja unaifaa nafasi ya Mtendaji kuliko mapenzi yote ya muziki.

Nafasi iliyopatikana kwenye ukurasa huenda kwa wadhamini watatu, na katibu wa chama aliyemwona akijumlisha daftari hilo hutangulia, namba yake ya simu ikiwa imehakikiwa kwanza.