Kizingiti cha Nyumba ya Maziwa

Uhakiki huu unahusu makumbusho ya Rukari mjini Nyanza, kusini mwa Rwanda. Tunayatazama kama makumbusho ya chakula na vinywaji, tena kwa jicho la mgeni anayetumia kiti cha magurudumu, ambacho wengine hukiita kitimwendo.

Nyanza ulikuwa makao ya ufalme tangu 1899. Nyuma ya nyumba kubwa ya mfalme, iliyojengwa upya kwa nyasi, zipo nyumba mbili ndogo: moja ya maziwa, nyingine ya pombe. Ya maziwa ilitunzwa na msichana ambaye hajaolewa; ya pombe ilitunzwa na mwanamume. Mpangilio huu ndio nguvu ya Rukari. Mgeni anaelewa, bila kuhubiriwa, kwamba kumimina kinywaji ilikuwa sehemu ya utawala.

Hata hivyo, maana hiyo imo ndani, na nyumba ya msonge haikupimwa kwa magurudumu. Katika Kiswahili, kizingiti ni sehemu ya mlango na pia ni kikwazo. Hapa maana zote mbili zinakutana. Anayebaki uani huona paa na kusimuliwa yaliyomo.

Wapo watakaosema kuwa kugusa mlango ni kuharibu historia. Hoja hiyo ina uzito. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2008, unasema katika ibara ya 30 kwamba maeneo ya urithi wa taifa yafikike kwa kadiri inavyowezekana. Lakini nyumba hizi zenyewe ni za kuigwa. Ikiwa tuliweza kuiga nyumba nzima, hatushindwi kuiga kibuyu.

Mfano upo Gikondo, Kigali, ambako maonyesho ya biashara ya kimataifa yamefanyika kwa miaka mingi. Katika maonyesho ya namna hiyo, mteja haambiwi aingie ghalani. Bidhaa humfuata mezani. Vivyo hivyo, igisabo, yaani kibuyu cha kusukia maziwa, kiwekwe uani kwa kimo cha mtu aliyeketi, mgeni akishike na akisuke mwenyewe, kisha aonje ikivuguto.

Kizingiti cha pili ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Anayetafsiri urwagwa kuwa "pombe" tu amefunga mlango. Akisema "pombe ya ndizi" ameufungua. Vilevile ikivuguto si "maziwa" tu, bali ni maziwa ya mgando, ambayo Wakenya huyaita maziwa lala.

Tunawashauri walimu wawape wanafunzi zoezi la kuandika maelezo ya vyombo hivi kwa Kiswahili, kisha wayabandike ukutani na kuyasoma wakiwa wameketi. Maelezo yaliyo juu mno, hata yakiwa fasaha, bado hayajamfikia msomaji.