Thamani ya Glopu Kongwe

Mthamini wa glopu kongwe hutazama uzi wa kaboni uliopindwa kitanzi, wenye mwanga wa kaharabu; hutazama na chuchu ya kioo iliyo utosini, ambayo viwanda vilianza kuiacha kuanzia miaka ya 1920. Uzi ukikatika, bei huanguka. Kipimo hicho ni sahihi kwa mnada, lakini ni kifupi. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, iliyojengwa mwaka 1883 na kusifika kwa taa zake za umeme, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Glopu yake iliyoungua ingezidi kwa thamani nzima kumi za ughaibuni. (Washairi wetu wameienzi kandili, glopu wakamwachia fundi.)

Na Gendabi, chini ya Mlima Hanang? Tope la tarehe 3 Desemba 2023 lilifukia nyumba na vyombo. Huko glopu ya juzi tu, ikichimbuliwa, ni kongwe tayari, kwani chumba ilichokimulika hakipo. Orodha za wakusanyaji huuliza kiwanda na mwaka, nyumba haziiulizi.