DX7 mbele ya kompyuta

Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Prophet-600 kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, na ulipopiga kimoja, kingine kikaitika. Hiyo ndiyo MIDI. Sauti yenyewe haipiti kwenye waya huo; zinapita habari tu: noti ipi imepigwa, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Ndiyo maana Yamaha DX7, kinanda kilichotoka mwaka huohuo, hadi leo inaweza kuongoza programu ya kompyuta kama Dexed, inayounda sauti kwa njia ya DX7 yenyewe, au piano na fidla ambazo haikuzaliwa nazo.

Kuchomeka waya hakuhitaji ufundi. Ninaowavulia kofia ni wale wanaoendelea baada ya hapo.

Chukua nguvu ya kidole. MIDI huipima hadi 127, lakini DX7 ikipigwa kawaida haifiki huko. Ukiipa piano ya kompyuta bila kurekebisha kitu, zile sauti kali, zilizorekodiwa nyundo ikigonga nyuzi kwa kishindo, huzisikii kabisa, na piano nzima inapooza. Fundi hakimbilii kuilaumu programu. Anapiga noti moja, tena na tena, kila mara akiongeza uzito kidogo huku macho yakiwa kwenye namba. Kisha anaukunja mchoro wa nguvu mpaka pigo lake zito lifike juu. Akimaliza anarudi kwenye pigo jepesi, kwa sababu ukigusa huku, kule nako kunasogea. Vipimo vya mwenzake havimfai sana. Kila mkono una uzito wake.

Kuna pia suala la ucheleweshaji kati ya pigo na sauti: akiupunguza mno, kompyuta inazidiwa na sauti inakwaruza, kwa hiyo anatafuta kati.

Kinachonivutia kuliko vyote ni mkono wa kushoto. Gurudumu lililozoeleka kwa kutetemesha sauti analikabidhi kazi ya kupandisha na kushusha nguvu ya fidla. Mkono wa kulia unashikilia noti, wa kushoto unasukuma taratibu, na fidla inavuta pumzi. Mstari wa kupanda na kushuka huko angeweza kuuchora kwa kipanya, ila mkono unaopiga unasikia noti inayokuja na kuanza kupanda mapema kidogo. Akikosea, anaipiga sehemu yote upya.