Dagaa wa Manyoya

Kwetu Katonga, kando ya ziwa, inzi ni adui. Mama anayeanika dagaa kichanjani hushinda na tawi mkononi akiwapunga, na wale wanaorudi mara ya pili huwatukana. Kwa hiyo siku niliporudi kutoka Nairobi nikasimulia kwamba nimekaa na watu ambao kazi yao ni kufunga inzi, kivuli kizima kiliangua kicheko.

"Wanawafunga?" shangazi aliuliza. "Kwa kosa gani?"

Nikaeleza. Inzi huyo hana damu. Ni ndoano iliyoviringishiwa uzi na kuvikwa unyoya, ili samaki adhani ameona chakula chake. Waliomwanzisha waliiga wadudu wanaoangukia mtoni, na jina likabaki hata walipohamia kwenye kuiga panya, vyura na samaki wadogo. Huyu niliyempenda mimi hana undugu wowote na inzi. Ni ukanda mwembamba wa ngozi ya sungura, manyoya yakiwa bado juu yake, uliolazwa mgongoni mwa ndoano ndefu. Ukimtia majini anakuwa kisamaki kinachokimbia. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata shauri: "Basi huyo ni dagaa." Tangu siku hiyo sijamwita vingine.

Trauti, samaki ambaye kwa ajili yake ufundi huu ulizaliwa, si wa kwetu. Kenya alifika mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mbegu yake kutoka Loch Leven, Uskoti, akaipandikiza katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Hutaka maji ya baridi yaendayo mbio. Ziwa letu, ambalo uso wake ni vuguvugu mwaka mzima, lingemuua. Lakini walioleta samaki walileta na namna ya kumvua, na mikono ya Wakenya ikajifunza kufunga. Miongo mingi sasa mvuvi wa Uingereza au Marekani anaweza kusimama kwenye mto wa kwao akirusha ndoano iliyovishwa manyoya Nairobi, na aliyeifunga huenda hajawahi kumwona trauti ila pichani. Nilikaa wiki tatu nyuma ya bega la mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi uleule wa kazi.

Kazi huanza upande wa nyuma. Ngozi iliyokauka hugeuzwa, manyoya yakatazama chini, na wembe hupita upande wa nyama peke yake, kidogo kidogo. Ukishika mkasi umeharibu, maana mkasi hukata ngozi na manyoya pamoja, na ukanda utatoka kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kinyozi mwanafunzi. Upana ni kama milimita tatu. Ukizidisha, dagaa wako atakuwa mzito wa kugeuka. Ukipunguza, atakatika samaki wa kwanza akivuta. Tena ujue manyoya yamelala upande gani. Sungura ni kama paka, ana upande wa kupapaswa na upande wa kuudhiwa, na upande wa kupapaswa lazima uelekee mkiani. Wangu wa kwanza nilimfunga kinyume. Majini alifumuka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo.

Ndoano nayo hubanwa kwenye jiriwa ndogo, uzi ukalazwa juu ya chuma chote, kwani chuma kitupu huteleza na hakuna kitakachokaa juu yake. Kisha mwili, ambao lazima ung'ae. Kule karakanani walikuwa na neli laini iliyosukwa kwa nyuzi za rangi ya fedha. Mimi hapa hutumia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, niiokotayo mwaloni asubuhi, na mgebuka, samaki wa ziwa letu, sijaona aliyelalamika. Uzi ni wa cherehani. Nta ya kuupaka hutoka Kibondo, kwenye asali nyingi, na bado inanuka moshi wa mrina asali. Kichwa humalizwa kwa tone la rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, niliyoazima kwa binti wa dada yangu na sijairudisha.

Ukanda hufungwa mahali pawili: nyuma ya tundu la ndoano, na pale chuma kinapoanza kupinda. Hapo pa pili ndipo penye akili ya Dan Byford, Mmarekani wa Colorado aliyembuni dagaa huyu miaka ya 1970 na kumpa jina la Zonker. Ukiufunga kichwani tu, mkia hujizungusha kwenye pindo la ndoano kila unaporusha, na samaki huona fundo la nywele badala ya kisamaki. Ukiufunga mara mbili, mgongo unatulia na mkia peke yake unabaki huru. Ila ili uzi upite hapo bila kulaza manyoya, lazima kwanza uyatenge njia, kama msusi anavyotenga kichwa kabla ya kuanza: ncha ya sindano, mate kidogo, haya huku, yale kule. Katika wiki zangu tatu, mbili ziliishia kwenye njia hiyo. Yule mama aliitenga kwa pumzi moja, huku akilalamikia ada ya shule.

Akiwa mkavu hapendezi hata kidogo. Ukimweka mezani mgeni atadhani paka ametapika. Lakini sungura ana nywele za aina mbili, ndefu za juu na laini za chini, na zile za chini hazina msimamo wowote: maji yakisogea kiasi cha pumzi, nazo zinasogea. Unaweza kumshikilia dagaa huyu palepale, usimvute wala kumtikisa, naye ataendelea kupumua. Nilijaribu manyoya ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi ndio tulio nao wengi. Yalisimama wima. Nilikuwa nimefunga mswaki.

Na bado haya yote hayakuwa mageni kwangu. Mjomba wangu alivua migebuka kwa mshipi, na ndoano zake alizivisha manyoya meupe ya kuku: ndoano kadhaa kwenye mshipi mmoja, jiwe chini, mkono ukipanda na kushuka kama wa mtu anayetwanga polepole. Mgebuka akishakua chakula chake ni dagaa, na kitu cheupe kinachopanda ghafla katika maji ya giza hukiuliza maswali kwa mdomo. Nilikuwa na miaka tisa nilipomfungia ndoano yangu ya kwanza. Niliweka manyoya saba, kwa heshima. Akaigeuzageuza.

"Umemvisha koti," alisema. "Dagaa havai koti, mwanangu. Mvalishe kanga."

Akang'oa manyoya matano, akaenda nayo ziwani hivyohivyo. Nairobi nilipomsikia yule mama akiniambia kila siku nipunguze, nipunguze tena, nilijua nimeshalisikia somo hilo kwa mtu ambaye hakuwahi kupanda gari moshi zaidi ya Tabora.

Watu wamekuwa wakiwadanganya samaki hivi kwa muda mrefu sana. Aelianus, mwandishi wa Kirumi wa yapata mwaka 200, alieleza jinsi Wamakedonia walivyozungushia ndoano sufu nyekundu na kufunga manyoya mawili ya shingo ya jogoo. Mawili. Mjomba angekubali. Baadaye matajiri wa Ulaya waliharibu mambo, wakawa wanafunga ndoano za samoni kwa manyoya ya ndege kutoka pembe zote za dunia, koti juu ya koti. Uchu huo haujaisha: mwaka 2009 kijana mmoja mpiga filimbi, mwanafunzi wa muziki London, alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring akaondoka na ngozi 299 za ndege, baadhi zilizokusanywa na Alfred Russel Wallace mwenyewe karne ya kumi na tisa, ili wafungaji wenzake wazinunue kwa siri. Ndoano nyingi za namna hiyo haziendi majini kamwe, hufungiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani. Mimi sioni ufundi katika kitu ambacho samaki hakuulizwa. Ngozi ya sungura ni taka. Sungura ameshaliwa, ngozi ilikuwa inakwenda jalalani au kwa mbwa, na ndiyo hiyo inayofua dafu.

Hapa mwaloni, hata hivyo, heshima hupimwa kwa magunia. Boti za taa hutoka jioni, huwasha taa gizani, dagaa wakafuata vijidudu vinavyofuata mwanga, wavu ukawainua kwa maelfu. Mwenye mshipi anaonekana mtu aliyekosa mtaji. Nami kwa miaka nilikuwa na jibu langu, nikilisema kwa majivuno kidogo: mwenye wavu anahitaji kujua dagaa walipo, mwenye mshipi anahitaji kujua dagaa alivyo. Lilikuwa jibu zuri mpaka mwaka 2024.

Mwaka huo ziwa nalo lilifungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa, upande wetu na wa nchi jirani, ili samaki wapate kuzaliana. Boti zilivutwa nchi kavu, taa zikaingizwa vyumbani, wanaume wakagundua kwamba nyumba zao zina watoto wengi. Mimi nilikaa barazani nikifunga. Kwa kuwa ziwani hapakuingilika, nilikuwa nawajaribu dagaa wangu kwenye ndoo, nikimwinua na kumshusha mmoja mmoja kwa uzi mfupi. Jirani mmoja, mvuvi wa boti za taa tangu ujana, alikuja kuomba kiberiti, akasimama juu ya ndoo.

"Huyu ni mzima," alisema.

Nilidhani ananisifu.

"Mgebuka amhangaikie mzima wa nini? Wako maelfu." Akachuchumaa. Akasema kwamba saa nane usiku, taa zikiwa zimekaa sana, huwapo dagaa mmoja anayechoka, au aliyeguswa na wavu. Anajitenga na wenzake. Analala ubavu, anazama kidogo, tumbo linametameta mara moja, kisha anajiinua, anaogelea shibiri moja, analala tena. Alionyesha kwa kiganja, juu ya maji ya ndoo, akikilaza na kukiinua, na kiganja chake kigumu chenye makovu ya kamba kikawa dagaa anayekufa kuliko chochote nilichowahi kufunga. "Mgebuka humchukua akiwa amelala," alisema. "Hamngojei ainuke."

Miaka kumi alikuwa ametazama pale chini ya taa, wakati mimi nikijisifu kuwa watu wa wavu hutazama magunia tu. Sikumwambia.

Alipoondoka nilikata nyuzi za dagaa sita. Risasi ya kuzamisha ambayo siku zote nilikuwa naizungusha karibu na kichwa niliitoa. Badala yake nilifunga kipande kimoja kirefu ubavuni, upande mmoja tu wa ndoano, karatasi ya sigara ikapita juu yake. Ilichukua siku tatu. Wa kwanza alizama kama kijiko. Wa pili aliviringika. Wa tatu, ambaye nilimpunguzia risasi mpaka ikabaki ya ukubwa wa punje ya mchele, alishuka akiyumba, akalala ubavu, fedha ikametameta, na nilipougusa uzi alijiinua. Manyoya yake yalichelewa kidogo kumfuata, kama yamechoka. Nikamwita jirani. Alitazama mara mbili, akauliza nauzaje.

Jioni ya tarehe 15 Agosti boti zote zilitoka, lakini mwezi ulikuwa umeshavuka nusu na taa hazikuwa na nguvu juu yake. Dagaa hawaifuati taa mbingu yote ikiwa nyeupe. Wengi walingoja utue. Mimi sikuwa na haja ya giza nene. Niliazima mtumbwi, nikalala mapema, nikatoka kabla ya adhana ya alfajiri. Katonga jua hutokea nyuma ya vilima, kwa hiyo huliona kwanza kwa wenzako: milima ya Kongo ng'ambo hupata rangi ya mawese wakati wewe bado umekaa kivulini. Ni saa hiyo niliposhusha mshipi, nikauacha uende, nikaugusa, nikauacha.

Nilimpata mgebuka mmoja, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alimchukua dagaa akiwa amelala. Nilijua kwa sababu sikusikia mshtuko wowote, mshipi ulipoteza uzito tu, kana kwamba risasi imeanguka, na nilipovuta tayari alikuwa upande mwingine. Nilipomtoa ndoano, mkononi nilibaki na kichwa, uzi na karatasi ya sigara. Ngozi ilikuwa imekatika palepale nilipotenga njia.

Shangazi alikuta mkia uliobaki alipokuwa akimpasua, umekwama kooni. Aliutoa kwa vidole viwili, akausuuza, akaulaza juu ya kichanja ukauke pamoja na dagaa wa watu. Kabla jua halijapanda vizuri inzi wawili walikuwa wameshatua juu yake. Akainua tawi.